Nani wa Mwisho?

Ofisini kwetu Kinondoni, ghorofa ya kwanza juu ya duka la mabomba na masinki, kulikuwa na testi iliyoitwa Kichaa. Jina sikulitunga mimi, lakini testi niliiandika mimi, na kila ilipotukanwa nilijiona nimetukanwa pamoja na ukoo wangu mzima.

Kwa asiyeijua kazi yetu, testi ni programu ndogo inayoikagua programu kubwa. Unaipa swali na jibu unalolitegemea. Programu kubwa ikijibu sawasawa, kioo cha kompyuta kinaandika kwa kijani, ikikosea, nyekundu. Programu kubwa tuliyokuwa tunaitengeneza ilikuwa ya kugawa namba za foleni kwenye vituo vya afya. Mgonjwa anafika dirishani, karani anaandika jina lake, mashine inatoa karatasi yenye namba, na namba hiyo ndiyo inayofungua faili lake kwa daktari na baadaye kwenye dirisha la dawa. Kituo kikubwa kina madirisha mawili ya mapokezi, kwa hiyo testi yangu ilijifanya makarani wawili wanaohudumia watu kwa wakati mmoja, halafu inakagua kama kila mgonjwa amepata namba yake peke yake.

Siku nyingi ilikuwa kijani. Siku mojamoja, bila mtu kugusa kitu, inatoka nyekundu: wagonjwa wawili, namba moja. Ukiirudia palepale, kijani. Ndipo wakaiita Kichaa.

Dawa ya ofisi nzima ilikuwa moja: rudia. Nyekundu ikitokea, mtu anabonyeza tena, anakwenda kuchukua chai, akirudi anakuta kijani, maisha yanaendelea. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mwenzangu wa meza ya jirani, mtu wa bara, mpole, ambaye shati lake limenyooka pasi hata siku ya mvua, alikuwa na dawa ya pili. Yeye huiamuru testi ingoje kidogo kati ya hatua moja na nyingine, nusu sekunde, sekunde moja, ili mambo yatulie. Tuliita dawa hiyo subira.

"Sista, ongeza subira," alikuwa ananiambia. "Subira yavuta heri."

Na mimi niliongeza. Nasema hili kwa aibu. Niliongeza subira mara nne ndani ya testi yangu mwenyewe, na ile nyekundu iliyokuwa inakuja kila baada ya siku mbili ikawa inakuja mara moja kwa wiki. Nikapongezwa. Wakaninunulia soda, nikainywa. Soda ile naijutia mpaka leo.

Aibu yenyewe ilikuwa na sababu. Kabla ya kompyuta nilikuwa karani wa masijala katika kituo cha afya kwa miaka tisa. Kazi yangu ilikuwa kutafuta mafaili kwenye rafu. Nilishamwona kwa macho yangu mama aliyepewa dawa za jirani yake wa benchi kwa sababu mafaili yao yalibadilishana. Aliona mwenyewe kwamba rangi ya vidonge si ile aliyoizoea, akarudi dirishani kabla hajameza. Asingekuwa na macho makali, sijui. Mtu aliyeona jambo kama lile hana haki ya kunywa soda ya subira.

Programu nilijifunza ukubwani, nikiwa na miaka thelathini na sita, darasani na vijana walioniita mama. Kampuni ikanichukua kwanza kwenye dawati la simu. Miaka miwili nilikuwa nawaambia wateja wazime na kuwasha. Nikaomba, nikabembeleza, nikasumbua, mpaka nikapewa kazi ya testi. Kwa hiyo bosi aliponiita Jumatatu ile nilijua kilichokuwa mezani.

Bosi wangu ni mdogo kwangu kwa miaka minane. Akitaka kusema jambo zuri ananiita dada. Akitaka kusema baya ananiita dada mkubwa.

"Dada mkubwa," akaanza. "Wiki ijayo mfumo unaingia kwenye vituo vya kwanza. Testi moja inatuchelewesha. Ijumaa saa nane mchana kama bado inayumba, tunaifuta. Halafu wewe utatusaidia kwenye simu kwa muda. Kule wanakuhitaji sana."

"Na kama haiyumbi?" nikamuuliza. "Kama inasema kweli?"

"Dada mkubwa, inasema kweli siku moja na siku nne inasema uongo?"

Swali hilo lilinichoma kuliko njaa. Nilirudi mezani nikakaa nikitazama kile kioo kama mtu anayetazama mkwe mkorofi.

Jumanne nzima nilihangaika. Nilipeleka testi kwenye kompyuta yangu nyumbani Kipawa, ndege zikipita juu ya bati, nikaiendesha asubuhi nzima. Kijani. Nikairudisha ofisini. Kijani, kijani, nyekundu, kijani. Mwenzangu wa subira akasema labda ni umeme. Mwingine akasema labda ni joto, seva inachoka. Nikawauliza kama seva nayo inafunga Ramadhani. Walicheka, lakini sikuwa natania. Nilikuwa nimekasirika, na zaidi ya hasira nilikuwa naogopa. Nilikuwa na siku tatu, na nilikuwa naisikia ile simu ikiita.

Jumatano ilikuwa siku ya kliniki ya mama yangu. Mama ana presha, anaishi Gongo la Mboto, na kila mwezi mimi ndiye ninayempeleka. Nilimwomba bosi ruhusa ya asubuhi. Akanipa kwa uso wa mtu anayekupa ruhusa ya kwenda kujizika.

Kituo chenyewe kilikuwa bado hakina mfumo wowote. Foleni yake ilikuwa ileile tunayoijua sote: benchi refu, unakaa mwisho, wa mbele akiingia mnasogea wote kwa makalio. Benchi likijaa, unasimama popote, hata nje kivulini, ilimradi umeuliza. Unafika, unauliza, "Nani wa mwisho?" Mtu anainua mkono. Basi, umemwona, wewe uko nyuma yake, nenda kanunue maji, nenda kapige simu, nafasi yako ipo. Watu wa mji huu tumeishi hivyo maisha yote.

Mama aliingia kwa mlango wa mbele na sauti yake ileile ya kuita watu toka ng'ambo ya barabara.

"Nani wa mwisho hapa?"

Mama mmoja wa kitenge cha njano, aliyekuwa anamenya chungwa kwa utulivu, akainua kisu. "Mie."

Mama yangu akaitikia kwa kichwa, akanikabidhi kadi yake, akatoka nje kununua maji. Mimi nikasimama pembeni ukutani, kichwa changu kiko Kinondoni. Muda kidogo akaingia mama mwingine kwa mlango wa upande wa dawa, mwanamke wa makamo mwenye miwani. Akauliza swali lilelile. Mama wa kitenge akainua kisu kilekile. "Mie." Mwenye miwani akaitikia kwa kichwa, akaenda kusimama kivulini. Niliyaona yote hayo na sikuona kitu.

Benchi likasogea. Mwisho wake ukabaki wazi. Mama yangu akaingia na chupa yake ya maji, mwenye miwani naye akaingia, wakafika penye ile nafasi pamoja.

"Samahani mama, hapo pangu," akasema mwenye miwani.

"Pako tangu lini? Mie nimeuliza, nikaambiwa wa mwisho ni huyu hapa."

"Na mie nimeuliza, nikaambiwa huyuhuyu!"

"Basi mmoja wetu muongo, na mie si muongo."

Benchi zima likamgeukia mama wa kitenge. Yeye akaweka kipande cha chungwa mdomoni, akakitafuna mpaka kikaisha.

"Msinitolee macho," akasema. "Huyu kaniuliza nani wa mwisho, nikasema mie. Yule naye kaniuliza, nikasema mie. Na mara zote mbili nilikuwa mie kweli. Nyuma yangu hapakuwa na mtu kakaa. Uongo wangu uko wapi?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nadhani niliachia sauti, maana mtu aliyekuwa karibu aliniuliza kama naumwa.

Nilikuwa nimeipata. Programu yetu ilikuwa inafanya kama mama yangu. Dirisha la kwanza linauliza daftari la kompyuta: namba ya mwisho ni ipi? Daftari linajibu, kumi na nane. Dirisha linaitikia kwa kichwa, linakwenda kwanza kushughulika na jina la mgonjwa na faili lake, ndipo linarudi kuandika kumi na tisa. Katikati ya safari hiyo ya kununua maji, dirisha la pili nalo linauliza. Daftari linajibu, kumi na nane. Kweli tupu. Hakuna aliyekaa nyuma yake. Halafu madirisha yote mawili yanarudi na kumi na tisa mkononi.

Siku nyingi karani wa kwanza anawahi kukaa kabla wa pili hajauliza, na testi inasema kijani, na ni kweli. Siku mojamoja wanakutana, inasema nyekundu, na ni kweli. Testi yangu haikuwahi kusema uongo hata siku moja. Na subira yangu, zile sekunde nilizopachika, zilikuwa zinamchelewesha tu mwenye miwani njiani ili asikutane na mama. Ugomvi ulikuwepo palepale, mimi nilikuwa nimeuficha.

"Mbona umesimama kama mlingoti?" mama akaniuliza. "Mwenzio nanyang'anywa nafasi."

"Mama, ulipouliza, kwa nini hukukaa?"

"Nikae wapi, benchi limejaa! Mwenye kosa ni huyu bibie wa chungwa." Akamgeukia yule mama, kidole juu. "Ukishanijibu mie, wewe si wa mwisho tena! Akija mwingine unamwambia, 'Nilikuwa mie, sasa ni yule mama katoka nje.' Unajibu na kukabidhi hapohapo. Sie ndo tulivyokuwaga tunafanya bombani zamani, na hakuna mtu aliyepiganaga."

Kwa kusema kweli bombani walikuwa wakipigana, na mama akiwa mstari wa mbele. Lakini maneno yale niliyataka yote. Nilichukua bahasha ya dawa zake za mwezi uliopita nikaandika nyuma: kujibu na kukabidhi hapohapo. Mama akalalamika kwamba naharibu bahasha yake. Ugomvi uliisha kwa mama kukubali kukaa nyuma, baada ya kulitangazia benchi kwamba anakubali kwa hiari yake na siyo kwa kushindwa. Walipofika mlangoni kwa daktari yeye na mwenye miwani walikuwa wanabadilishana namba za simu.

Alhamisi niliingia ofisini kabla ya mfagizi. Sikugusa programu kubwa kwanza. Nilianza na testi: nikang'oa subira zote nne, moja baada ya nyingine, na kila moja niliing'oa kwa raha. Kisha nikaandika kile nilichokiona kliniki. Karani wa kwanza aulize namba ya mwisho, halafu azuiliwe nje na chupa yake ya maji. Asiruhusiwe kurudi mpaka wa pili naye awe ameuliza na kujibiwa. Ndipo wote waachiwe pamoja.

Nikabonyeza. Nyekundu. Nikabonyeza tena. Nyekundu. Mara ya kumi, nyekundu, na nikapiga kigelegele pale ofisini, kigelegele cha harusi hasa.

Mwenzangu wa subira ndiyo kwanza alikuwa anaingia. "Sista, unashangilia nyekundu?"

"Nashangilia kichaa aliyepona. Mtu anayesema kitu kimoja kila ukimuuliza si kichaa."

Nikamwonyesha. Akabonyeza mwenyewe mara tatu, akavuta kiti. Yule mtu kwa upole wake hakujitetea hata kidogo. Alisema tu, "Kwa hiyo nilikuwa nafukia kosa," na akabaki kunisaidia.

Tukaingia kwenye programu kubwa. Tukalifanya daftari lijibu na kukabidhi kwa tendo moja. Dirisha likiuliza, daftari linafungwa komeo, namba inaongezwa, inatolewa, komeo linafunguliwa. Mwingine akifika katikati, anaambiwa asubiri mpaka komeo lifunguke, ndipo apate ya kwake. Nikabonyeza testi nikiwa nimeshaanza kutabasamu.

Haikutoka kijani. Haikutoka nyekundu. Ilikwama. Kioo kimetulia tuli, dakika tano, kumi. Tabasamu likanikauka. Nilikuwa nimetega mtego nikauingia mwenyewe: nilimwambia wa kwanza, ambaye sasa ameshika komeo, asiondoke mpaka wa pili ajibiwe, na wa pili hawezi kujibiwa mpaka wa kwanza aondoke. Wamesimama mlangoni kila mmoja anamwambia mwenzake pita wewe. Saa sita mchana ikapita, saa saba. Niliona siku inaniponyoka, na nikamfokea mwenzangu kwa kosa la kukohoa.

Yeye alikuwa anaitazama bahasha ya mama niliyoibandika ukutani.

"Sista," akasema taratibu, "kwani lazima wa pili apewe namba? Si inatosha akipata jibu lolote? Hata akiambiwa asubiri, hilo nalo jibu. Akishaambiwa hivyo, tumwachie wa kwanza."

Nilimtazama. Mtu wa subira ndiye aliyejua mahali halali pa subira. Nikabadilisha mstari mmoja, nikabonyeza, na kioo kikawa kijani. Tukarudisha programu ya zamani: nyekundu. Mpya: kijani. Zamani, nyekundu. Mpya, kijani. Tulicheza hivyo kama watoto na swichi ya taa, na nilimwomba radhi kwa lile la kukohoa.

Ijumaa sikusubiri saa nane. Saa tano asubuhi nilimwita bosi mezani kwangu.

"Bonyeza wewe mwenyewe," nikamwambia. "Hii ni programu tuliyotaka kuipeleka vituoni."

Akabonyeza. Nyekundu. Akanitazama, akabonyeza tena. Nyekundu. Alibonyeza mara sita, akitegemea kile kijani cha bahati tulichokizoea sote, na hakikuja.

"Sasa hii mpya."

Kijani. Tena kijani. Akavuta pumzi, akasema irudiwe mara elfu moja. Tukaiacha ikiendelea, wa msikitini wakaenda msikitini, wengine tukaenda kula. Nilikula pilau bila kujua ladha yake. Tuliporudi, kioo kilikuwa kijani juu mpaka chini, mara zote elfu, na ile saa nane iliyokuwa inanitisha wiki nzima ilikuwa inapita ukutani kama saa nyingine yoyote.

Bosi akakitazama kioo. Kisha akasema, "Dada mkubwa," nami, kwa mazoea, nikajiandaa kwa baya.

"Testi nyingine zinazoyumba humu ndani ziko ngapi?"

"Kumi na moja," nikajibu. Nilikuwa nazo kwenye karatasi.

"Chukua zote. Na kuanzia leo mtu asibonyeze rudia kabla hajakuita wewe. Kwenye simu tutatafuta mtu mwingine."

Niliketi, nikaiweka ile karatasi mezani. Mwenzangu akanishushia soda. Niliinywa mpaka tone la mwisho, na hiyo sijaijutia.

Miezi kadhaa baadaye mfumo ulifika kwenye kituo cha mama. Siku ya kliniki nilimpeleka kama kawaida, nikakuta madirisha mawili mapya yenye vioo na makarani. Mama akaenda la kulia. Na kama Mungu alitaka kunipima, yule mwenye miwani akaingia kwa mlango wa upande wa dawa, akampungia mama mkono kwa furaha, akasimama dirisha la kushoto. Makarani wote wawili wakainamisha vichwa na kuandika. Nilijua kilichomo ndani ya ile mashine, nilikiandika kwa mkono wangu, nilikiona kijani mara elfu. Bado nilishika ukuta. Hapa hapakuwa na testi, palikuwa na mama yangu na dawa zake.

Karatasi zikatoka. Mwenye miwani, thelathini na moja. Mama, thelathini na mbili.

"Kwa hiyo kanitangulia tena huyu," mama akasema, akiitazama karatasi yake mbali na macho kama anakagua noti.

"Kakutangulia, mama."

Akatafakari kama agombane na mashine. Kisha akakaa benchini karibu na shoga yake, bila kulitangazia benchi chochote. Wakati huo akaingia mwanamke mwenye mtoto mgongoni, akasimama katikati ya ukumbi, akauliza kama tulivyouliza sote maisha yetu yote.

"Jamani, nani wa mwisho?"

Watu wawili watatu wakaanza kutazamana. Mama yangu hajawahi kunisifia mbele za watu. Nilipopata cheti cha programu aliniuliza kama nimekula. Aliinua ile karatasi juu, akajibu kabla ya mtu yeyote, kwa sauti ile ya ng'ambo ya barabara:

"Hapa hatuulizani tena, mwanangu. Nenda dirishani ukapewe yako. Ugomvi huo binti yangu huyu hapa kashaumaliza."

Benchi zima likanigeukia. Nikajifanya nasoma tangazo la chanjo ukutani, na machozi yakanitoka hivyohivyo.